Mrejesho: ile safari ya kuangalia nyangumi

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama kuna haja ya kumlipa mwongozaji au nikodi boti tu, na hiki kichefuchefu changu cha kwenye boti nifanyeje. Aisee mlipeni, mi nakodoa macho sioni kitu, jamaa kaona kamvuke ka pumzi ya nyangumi kwa mbali anasema yule pale, boti ikasimama kama mita 100 hivi tukangoja, mara nyangumi mwenye nundu huyo kainua mkia mzima maji yanachuruzika, kwa chini una mabaka meupe na kumbe kila mmoja ana yake kama alama za vidole vyetu. Kidonge cha kichefuchefu nilimeza nikiwa tayari nimeshapanda boti badala ya mapema, hapo nilichemka, pomboo wamepita mi nimeinama natapika. Siku nyingine ya kuangalia ndege wa ufukweni nilisinzia tu, sitadanganya.