Eti "mtihani siyo kiazi, mama, huwezi kuubonyeza"! Huyu mtu wa pamfleti leo amenivua nguo mbele ya watoto

Binti wa Umalila (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa stendi ya Kabwe hapa Mbeya, daladala ya Uyole imeshanipita mara mbili na wala sijaiona. Mikono inatetemeka. Siyo baridi, ni hasira.

Simtaji jina. Wa nini? Kila mwenye mtoto wa sekondari kuanzia Mbalizi mpaka Uyole anamjua. Yule yule wa mashine za kopi. Yule wa kusema ukinunua kwake mtoto anakula divisheni wani hata akilala. Huyo huyo unayemfikiria sasa hivi.

Leo, mbele ya foleni ya wanafunzi wenye sare, mbele ya binti yangu niliyemzaa mwenyewe, kaniambia: "Mtihani siyo kiazi, mama. Huwezi kuubonyeza ukajua umeoza."

Kiazi! Mimi!

Ngoja nieleze. Jumamosi nimenunua kwake pamfleti ya kidato cha nne, masomo matatu: Hisabati, Jiografia, Baiolojia. Mitihani ya taifa ya miaka iliyopita pamoja na majibu. Elfu kumi na tano. Elfu kumi na tano ya mtu anayepanga viazi kwa sado ni mgongo huo, siyo hela ya kuokota. Binti anafanya mtihani Novemba. Nikasema basi, sahani ya nyama itasubiri.

Jana usiku mtoto ananiita: "Mama, hii kitu ina makosa." Swali la uwezekano. Mfuko una mipira mitano myekundu na minne ya bluu, ukichukua mmoja bila kuangalia, uwezekano wa kupata mwekundu ni upi? Jibu la pamfleti: tano juu ya nne. Mtoto akacheka, akaniambia uwezekano hauwezi kuzidi moja hata dunia ipinduke. Mipira yote ni tisa, kwa hiyo jibu ni tano juu ya tisa. Mimi niliishia la saba, lakini nikavuta sado, nikaweka viazi vyekundu vitano na vyeupe vinne, nikaelewa palepale. Mimi wa la saba nimeelewa! Yeye anayeuza majibu mkoa mzima hajaelewa!

Na siyo hilo tu. Ukurasa wa 31 unafuatwa na wa 44. Kwenye Jiografia kuna swali la kusoma ramani, ramani yenyewe imetolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Mto wapi, barabara wapi, mlima wapi, hujui. Halafu swali linamuuliza mtoto mto unaelekea upande gani! Uelekee wapi kwenye giza? Picha ya swali la picha ndiyo usiseme, ni kama mtu amepiga picha ndani ya gunia usiku wa manane.

Nikaenda leo kwa adabu zangu zote. "Kijana wangu, habari za kazi, naomba unibadilishie hii." Hakuishika hata. Hakuitazama! Alinitazama mimi, akatazama ndoo yangu, akatazama khanga yangu, ndipo akasema hayo maneno. Mtihani siyo kiazi, mama. Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti yangu akainamisha kichwa. Nilipomwona mtoto ameinamisha kichwa, ulimi ukaganda, jibu likakataa kutoka. Limekuja sasa hivi nikiwa stendi!

Jibu lenyewe hili hapa, na najua anapita humu: mimi kiazi changu kikioza nakurudishia. Mteja wangu anabonyeza vyote, mpaka vya chini, na simnunii. Wewe karatasi zako zimefungwa kwa nailoni, mtu haruhusiwi hata kufunua. Nani anaficha uozo kati yangu na wewe?

Huwezi kuubonyeza. Mama. Na lile "mama" alilivuta.

Kipanga wa Loleza

Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya hiyo tano juu ya nne tuone.

Binti wa Umalila

Picha nitaweka nikifika nyumbani, simu yenye kamera ni ya binti. Na siyo chai. Nina hasira ya kutosha kuchemshia chai ya kata nzima.

Bodaboda wa Mafiati

Namjua. Nilimpakia mwaka jana na boksi nne za karatasi, alinipa mia tano na pamfleti ya Uraia. Nina watoto wa chekechea mimi!

Mwalimu Chaki

Pole sana mama yangu. Naongea kama mwalimu wa Hisabati: hiyo pamfleti nimeiona kwa wanafunzi wangu, na kuna kosa kubwa kuliko hilo la uwezekano. Maelekezo yake ni ya fomati ya zamani. Inamwambia mtoto achague maswali manne kati ya sita sehemu B. Mtihani wa Hisabati wa sasa una maswali 14 na yote ni ya lazima: kumi ya sehemu A yenye alama sita sita, manne ya sehemu B yenye alama kumi kumi. Mtoto akizoea kuchagua, Novemba anaacha alama mezani huku anajiona mjanja.

Mitihani iliyopita iko kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, bure kabisa. Pia wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kila mwaka. Inaeleza swali kwa swali watoto walikosea wapi, na inaonyesha jibu zuri na jibu bovu kama yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Hiyo ni dhahabu. Wauza pamfleti hawaigusi kwa sababu inahitaji kusoma. Vitabu vya kiada navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu.

Binti wa Umalila

Mwalimu asante, ndaga fijo. Kumbe amekusanya vya bure akanifungia na nailoni! Bure! Halafu ananiambia huwezi kuubonyeza! Nimepanda daladala sasa, watu wananiangalia, nadhani naongea kwa sauti.

Mtoto wa Mlandege

Afadhali nyie Mbeya mna ukurasa mzima mweusi. Huku Iringa kuna mmoja kopi zake zinakatwa pembeni, herufi ya kwanza ya kila mstari haipo. Mdogo wangu wa shule ya msingi amesoma notisi za Sayansi nzima kama anafumbua fumbo. "Oto", "ini", "kojo". Mpaka leo hajui ile ilikuwa moto au joto.

Shikamoo Baridi

Mama Viazi umenifurahisha ila ukweli usemwe: umepigwa kwa sababu hukukagua. Mjini shule.

Binti wa Umalila

Ningekagua vipi na nailoni? Umesoma nilichoandika au umesoma kichwa cha uzi tu? Na usiniite Mama Viazi kwa dharau. Viazi vimelipa ada kabla ada haijafutwa, na sasa vinalipa madaftari, sare na michango. Unarudia alichosema yule, tofauti yako na yeye ni mashine ya kopi.

Shikamoo Baridi

Sikudharau, mama. Nimeomba radhi.

Nyota ya Tukuyu

Mnalia na pamfleti? Njooni kwetu. Kuna mwalimu wa tuisheni, sitamtaja ila wa Tukuyu mnamjua kwa pikipiki yake, anafundisha nusu ya mada halafu anasema "nusu nyingine ipo kwenye notisi zangu, elfu tano". Mada ya tungamo na uzito, nusu! Mwanangu anajua tungamo, uzito bado unadaiwa.

Bodaboda wa Mafiati

Uzito unadaiwa 😂😂😂 nimepaki pembeni nicheke vizuri

Kijana wa Foo Foo

Mimi mwenyewe nipo kidato cha nne. Kuna grupu la WhatsApp, admini alikusanya elfu mbili mbili akasema mtihani wa moko umevuja, anatuma saa nne usiku. Tulikuwa zaidi ya mia. Saa nne ilipofika akatutoa wote mmoja mmoja, tunatazama majina yanapungua. Nilikuwa wa mwisho karibu. Inauma.

Kipanga wa Loleza

Ulienda kuiba, ukaibiwa, umekuja kushtaki kwetu?

Mwalimu Chaki

Kijana, funga hiyo simu. Zile elfu mbili ungetolea kopi mtihani wa mwaka mmoja, ukakaa nao saa tatu bila kugusa majibu, kisha ukasahihisha kwa kalamu nyekundu. Ukifanya hivyo kwa miaka mitano ya nyuma utaona mwenyewe mada zinavyojirudia: takwimu, matriki, trigonometria, programu mstari. Kusoma swali na jibu lake kwa pamoja siyo marejeo, ni kusoma gazeti.

Kijana wa Foo Foo

Sawa mwalimu. Ila mama mwenye uzi, binti yako yupo shule gani?

Binti wa Umalila

WEWE! Toka hapa! Nimetoka kudharauliwa Kabwe, nimekuja kupata faraja, wewe unaulizia binti yangu!

Dereva wa Fuso

Mimi nina la kwangu. Mama mwenye uzi nakuheshimu, na yule mtu wa kopi ana makosa, hilo silipingi. Lakini nyie watu wa viazi mnajua vizuri kuonewa na mnajua vizuri kuonea. Lumbesa! Nimebeba viazi kutoka Umalila na Makete, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia mbili. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mgongo wa kijana wangu anayepakia unajua linazidi kiasi gani.

Binti wa Umalila

Kaka, umekosea mlango kabisa. Lumbesa inamnyonga mkulima na mimi mnunuzi mdogo simo humo. Anayetaka kilemba ni tajiri anayekuja na gari kutoka mjini, anamwambia mkulima ujaze hivyo au naenda kwa jirani. Wazazi wangu Umalila wamejaza vilemba maisha yao yote kwa bei ya gunia la kawaida. Usinibebeshe hilo leo. Leo nimebeba la kiazi cha mtihani, linanitosha.

Mkulima wa Makete

Nakazia. Mkulima ndiye anayepigwa. Na wanaanza hivyo hivyo kama yule wa pamfleti: "mzee wewe hujui soko". Hujui soko, hujui mtihani, maneno ni yale yale.

Dereva wa Fuso

Basi mnisamehe, ila mgongo wa kijana wangu nani anaulipa?

Nyota ya Tukuyu

Halafu wanaonunua wanachanganya. Nimeletewa gunia juu viazi aina ya Sagitta safi, chini aina ya Kikondo zilizoota macho.

Mkulima wa Makete

Kikondo ina kosa gani? Ndiyo tuliyokulia. Ukipika na maharage hakuna mfano wake.

Nyota ya Tukuyu

Sijasema Kikondo mbaya, nimesema niliagiza Sagitta. Nina kibanda cha chipsi. Kikondo kwenye mafuta inanilegea.

Binti wa Umalila

Nimefika nyumbani. Binti hajala. Amekaa na ile pamfleti anasahihisha majibu kwa penseli, amefika swali la kumi na mbili, amekuta mengine mawili ya uongo. Nimemwambia aache, ale kwanza. Amesema "Mama nataka nimalize yote, kesho turudi naye ayaone." Sijui niseme nini. Nimekaa jikoni tu. Picha hizo hapo kwa aliyesema chai.

Kipanga wa Loleza

Nimeziona. Tano juu ya nne kweli, na imezungushiwa boksi kabisa. Nafuta kauli. Kesho saa ngapi? Nina nafasi asubuhi, nitakuja kusimama tu pale kwenye foleni.

Bodaboda wa Mafiati

Nakuja na mimi. Na ile pamfleti ya Uraia naileta.

Mwalimu Chaki

Mama, binti akimaliza kusahihisha asiitupe hiyo karatasi. Anayeweza kukamata jibu bovu ameshaielewa mada. Swali lolote likimkwama aandike hapa, nitajibu usiku huu.

Dereva wa Fuso

Wa chipsi Tukuyu, nipo Makambako, kesho napita na Sagitta tupu. Gunia bila kilemba. Unahitaji ngapi?

Mtoto wa Mlandege

Bila kilemba? Wewe tena?

Nyota ya Tukuyu

Mawili. Ila nayafungua kwanza mpaka chini, ndiyo nilipe.

Shikamoo Baridi

Jamani kwa Iringa mjini sado ya Sagitta inaendaje sasa hivi? Huku wametupandishia bila taarifa.

Mkulima wa Makete

Mmepandishiwa na madalali. Huku shambani bei haijasogea hata shilingi.

Mgeni wa Jukwaa

Nimechelewa, nimesoma kuanzia chini. Huu uzi ni wa viazi au wa shule?

Nyota ya Tukuyu

Dereva, ukifika kwenye kona ya kuingia mjini nipigie, usishushe kwa yule wa kwanza. Yule wa kwanza mnamjua wote alichonifanyia mwezi wa tano, sitaki hata kuanza.

Dereva wa Fuso

Yule mwenye mizani ya kamba? Anza tu dada, niko njiani, nasikiliza.