Lundo la samadi linanuka na limepoa katikati, nifanyeje liwe mboji nzuri?

mpanda_mboga
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya mboji. Nina samadi ya ng'ombe na ya kuku nyingi tu, nimeirundika pembeni ya bustani nikachanganya na majani mabichi ya kufyeka, siku za mwanzo lilishika moto kweli mpaka mvuke ukawa unaonekana asubuhi, halafu likapoa ghafla. Sasa hivi ukichimba katikati kumegandamana na kumelowa, na kuna harufu mbili tofauti, juu ile kali inayochoma macho, chini mayai yaliyooza. Nataka mboji ya kwelikweli ya kupandia mboga, ile nyeusi inayomumunyuka mkononi. Nianze upya au hili bado linaokoka? Na majivu ninayo mengi, niyamwage humo?

biwi_la_nyuma
Linaokoka kabisa mkuu, usilitupe. Hizo harufu mbili zinakueleza kila kitu. Ile inayochoma macho ni amonia, yaani nitrojeni imezidi na inapaa hewani, hiyo ndo mbolea yako yenyewe inaondoka. Ile ya mayai ni kwamba hewa haifiki chini, bakteria wanaohitaji hewa wamekufa na wamebaki wale wasioitaka, na hao hawapandishi joto.

Shida ni kwamba umeweka samadi, kinyesi cha kuku na majani mabichi, vyote vitatu viko upande wa nitrojeni!! Watu wengi wanadanganywa na rangi, wanaona samadi ni kahawia wanadhani inahesabika kama kitu kikavu, hapana. Lundo linataka kaboni kama 25 hadi 30 kwa nitrojeni 1, samadi ya ng'ombe iko karibu 20, ya kuku inashuka mpaka 10 au chini yake. Kwa hiyo tafuta majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa, nyasi kavu, hata maboksi yasiyo na plastiki yaliyochanwachanwa. Lifumue lote kwa jembe uma, kila ndoo moja ya ulichonacho weka ndoo mbili za vikavu, sehemu yenye kuku nyingi ongeza mpaka tatu, changanya vizuri ndo ulijenge tena. Maranda ya mbao nayo yanafaa ila usiyategemee peke yake, kaboni yake ni nyingi mno na lundo litakaa tu halisogei.

Maji: shika konzi ukamue, iwe kama spongi iliyokamuliwa, tone moja mawili basi. Kwa sasa naona lako halihitaji hata tone. Na lisipungue mita 1 kila upande, likiwa dogo joto linatoroka lote.

mama_kitalu
Naongezea hapo kwenye majivu maana hili linanikera sana kuona watu wanashauriwa wamwage tu. Majivu yanapunguza uchachu, na kwenye samadi mbichi yenye amonia yanafanya itoroke kwa kasi zaidi. Tena kwa lundo linalochoma macho tayari? Usithubutu kwa sasa. Hata Albert Howard, yule Mwingereza aliyefanya kazi Indore kule India kuanzia 1924 hadi 1931 na njia yake ikaitwa jina la mji huo, majivu alitumia lakini ya kunyunyizia kidogo kati ya tabaka, na alikuwa na mabaki ya mimea kwa wingi. Subiri mboji iive, halafu majivu utie kidogo shambani kama udongo wako una uchachu.

Na jambo la usalama, kwa kuwa ni mboga, hasa zile za kuliwa mbichi: samadi ina vimelea vya kuendesha tumbo, kwa hiyo joto si la kujisifia tu. Nyuzi 55 hadi 65 ndo unazozitaka, likae hapo siku 15 na ndani ya siku hizo uligeuze mara 5 ili ya nje iingie ndani, kila sehemu ipate moto. Kama huna kipimajoto chomeka chuma kirefu katikati, kiache kidogo, ukikichomoa ukashindwa kukishika mambo yanaenda. Likikaribia 70 ligeuze haraka maana hata bakteria wazuri wanakufa. Kinyesi cha mbwa na paka usiingize kamwe.

mpanda_mboga
Asanteni sana, kesho nalifumua. Swali la mwisho, nitajuaje limeiva? Na kuna mtu kanipa samadi ya farasi imechanganyika na nyasi, niongeze?

biwi_la_nyuma
Limeiva ukiligeuza na likalowana vizuri halafu joto halipandi tena, na harufu ni ya udongo baada ya mvua, na huwezi kutambua lile lilikuwa jani gani. Likifika hapo bado liache miezi kama miwili lipumzike, usilikimbize, mboji changa inadumaza miche.

Hiyo ya farasi muulize kwanza hizo nyasi zilipigwa dawa gani ya magugu. Kuna dawa kama aminopiralidi na klopiralidi, mnyama anakula nyasi, zinapita tumboni zikiwa nzima na mboji haizimalizi haraka, ukija kupanda nyanya au maharage yanajikunja yote. Kama hajui, changanya hiyo samadi na udongo safi kwenye vyungu vichache panda maharage, na vyungu vingine udongo mtupu wa kulinganishia. Wiki tatu zinatosha. Majani mapya yakitoka yamejikunja kwenye vile vya samadi tu, mrudishie samadi yake.

mama_kitalu
Na ukiipokea iweke peke yake mpaka maharage yajibu, usiichanganye na hili unalookoa.