Mmoja asema neva itolewe, mwingine asema uozo uachwe ndani. Nimfuate nani?

JinoLaKondele:
Habari za jioni wadau. Nina gego la chini, upande wa kushoto, limetoboka. Nikinywa soda baridi nashtuka. Kliniki ya kwanza hapa Kisumu walipiga eksirei, daktari akasema tundu limekaribia neva, tufanye ruti kanali, yaani neva itolewe na mizizi izibwe. Bei aliyotaja ilinitia ganzi kabla ya sindano! Nikaenda kwa wa pili. Huyu anasema atasafisha pembeni, ile sehemu laini iliyo juu ya neva aiache, kisha azibe. Jamani, uozo unaachwaje ndani ya jino? Si ni kama kufunga bandeji juu ya usaha?

MzeeWaMamboleo:
Ng'oa, kijana. Mimi niling'oa mwaka juzi na nalala fofofo.

MamaPacha_Nakuru:
Mzee wangu, na muhogo unatafunia wapi? Mimi niling'oa la chini, sasa la juu yake linashuka kufuata pengo. Asikimbilie koleo.

FundiMeno:
Nafanya kazi ya meno, nivumilieni kidogo. Kuacha uozo pale chini si uzembe. Bakteria wanaishi kwa sukari unayokula. Tundu likizibwa vizuri chakula chao kinakatika, wengi wanakufa, waliobaki wanapoa, na jino lenyewe linajenga ukuta mpya kuilinda neva. Sharti moja: kingo zote zichimbwe mpaka pagumu, la sivyo kizibo kitavuja na kazi yote ni bure. Sisi wa zamani tulifundishwa kuchimba hadi uozo uishe kabisa, na mara ngapi tulitoboa neva ambayo ingepona!

Sasa nijibu. Baridi ikiondoka, uchungu unabaki? Usiku unakuamsha? Chai ya moto je?

JinoLaKondele:
Unaisha kabla sijahesabu tano. Usiku nalala. Chai haina shida.

FundiMeno:
Yule wa kwanza aliweka pamba baridi kwenye jino? Aliligongagonga?

JinoLaKondele:
Hapana. Alitazama picha tu.

FundiMeno:
Picha inaonyesha kina cha tundu, haionyeshi kama neva ni nzima. Kwa ulivyoeleza, neva yako imechokozwa tu. Rudi kwa wa pili, umwombe alipime kwa baridi kabla ya kugusa mashine. Ila ujue kuna hatari: likianza kuuma lenyewe usiku, au uchungu ukikaa dakika nzima, neva imeshindwa. Hapo usiende duka la dawa kununua antibiotiki, hazitibu neva iliyovimba. Ni ruti kanali, na gego likishafanyiwa hivyo mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia ngumu ya kulifunika (crown), kwa hiyo uliza bei ya vyote viwili. Au koleo.

MzeeWaMamboleo:
Koleo nilisema mimi kwanza.

JinoLaKondele:
Asanteni. Mzee, nimekusikia, lakini Alhamisi naenda kuziba.