Podikasti yetu ya mambo ya ziwa imekwama: tuanze kupiga video, au kwanza tujifunze kutoa kipindi kwa wakati?

Mwanamwalo (Kirumba, Mwanza)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi na binamu yangu tunaendesha podikasti ya Kiswahili inayozungumzia uchumi wa Ziwa Victoria: dagaa, sangara, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara), kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi), mikopo ya mitumbwi na mashine zake, na maisha ya watu wa mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, kwa jumla. Tumekwisha kutoa vipindi 17. Vinane vya kwanza vilitoka kila Jumatatu bila kukosa, kisha tukaruka wiki mbili, kisha mwezi, na sasa ni miezi miwili hatujatoa chochote. Kila tunaporudi tunakuta sehemu ya wasikilizaji imeshaondoka, wala siwalaumu, maana mtu aliyefungua simu Jumatatu tatu mfululizo akakuta hakuna kitu hana sababu ya kufungua ya nne.

Mada tunazo tele. Wanaotukwamisha ni wageni. Mvuvi wa dagaa anakuahidi saa nane mchana, ukifika unamkuta amelala kwa kuwa alikesha majini, na ukimwamsha utajibiwa "ndiyo" na "hapana" za mtu mwenye usingizi. Wakati huohuo kila tunayemwomba ushauri anatuambia tuache sauti tupu tuingie kwenye video. Tuna simu moja nzuri, maiki mbili za kubana shatini, na kompyuta ndogo inayojizima ikipata joto. Je, video itatukuza, au itatuongezea kazi juu ya kazi ambayo tayari imetushinda?

Mhariri wa Nyegezi

Kaka, mimi nahariri video za harusi na sendofu ili nile, na podikasti mbili kwa sababu nazipenda, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoufahamu. Ingia kwenye video. Kwenye programu za podikasti anayekupata ni yule ambaye tayari amesikia jina lako, lakini kwenye YouTube mtu anaandika "bei ya mabondo" na kukukuta hata kama hajawahi kukusikia. Google wenyewe waliifunga programu yao ya podikasti mwaka 2024 na kuwaelekeza watu YouTube Music, na Februari 2025 YouTube ilitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi wanafuatilia podikasti kwenye jukwaa lake. Huko ndiko watu waliko.

Video ninayokushauri ni ya simu moja isiyotikisika, imewekwa kwenye stendi usawa wa macho ya mgeni, dirisha likiwa mbele yake na siyo nyuma, kwani dirisha likiwa nyuma utapata kivuli kinachoongea. Usihangaike na kamera tatu. Kwa kiwango ambacho YouTube inapendekeza kwa picha ya 1080p ya kawaida, yaani megabiti 8 kwa sekunde, kipindi cha saa moja kitakuwa na ukubwa wa takriban GB 3.6, ukishuka hadi 720p kwa megabiti 5, kitakuwa GB 2.25. Kwa kompyuta yenu hiyo ningeanza na 720p, nikapakia kwa bando la usiku, nikaenda kulala.

Halafu fungua YouTube Studio (sehemu ya takwimu za mwenye chaneli) uangalie ni asilimia ngapi ya watazamaji bado wapo sekunde ya 30. Nilisikiliza kipindi chenu cha mikopo ya mashine (kizuri sana, nakwambia kweli), lakini dakika mbili za mwanzo ni muziki, salamu, na nyinyi wawili kuulizana mmeamkaje. Yule mama aliyesema mashine yake ilichukuliwa na mkopeshaji ikiwa bado ya moto alikuja dakika ya 23. Sentensi yake hiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kabisa, kisha salamu zifuate.

Katika kila kipindi kata vipande viwili vifupi, uviweke kama Shorts (video fupi za YouTube), na kila kimoja ukiunganishe na kipindi chake kirefu. Tangu Oktoba 2024 kipande kinaweza kufika dakika tatu, ingawa mimi hukomea sekunde 50. Ila usijidanganye kuhusu fedha: ili ugawiwe mapato ya matangazo kwa njia ya vipindi virefu unahitaji watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na muda ambao watu wanavitazama vipande hivyo wakiwa wanapitisha Shorts hauhesabiwi katika saa hizo.

Dada wa Igoma

Mhariri amesema vizuri, lakini amezungumza kama mtu ambaye hajawahi kuishiwa bando saa tano asubuhi. Mimi ni msikilizaji kwanza na mtengenezaji baadaye. Nasikiliza nikiwa naosha vyombo au nipo kwenye daladala, simu ikiwa ndani ya mkoba, na programu ya kawaida ya YouTube hukata sauti kioo kikizimwa kama hulipii. Saa moja ya mazungumzo kwa sauti ya mono (ya njia moja) ya kilobiti 64 kwa sekunde ni chini ya MB 30, na mtu anaweza kuipakua nyumbani kwa jirani mwenye Wi-Fi akaisikiliza safarini hadi Sengerema. Kwa hiyo video iwepo, lakini faili ya sauti itoke siku ileile, nanyi mhakikishe mazungumzo yanaeleweka bila picha. Mgeni akisema "ona hii ilivyo", muulize palepale "hii ipi, ina rangi gani, ukubwa gani?"

Lipo jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko GB. Tulipoanza kupiga video, mimi na mwenzangu tulikwenda mwaloni kuzungumza na kina mama wanaoanika dagaa. Tulikaa nao siku nzima pembeni ya vichanja, tukasaidia kugeuza dagaa, tukacheka. Mmoja wao alitueleza habari ya deni lililomfanya auze dagaa wake wakiwa bado majini, kabla hata mtumbwi haujarudi. Tulipomwekea simu mbele, akajifunga kanga upya, akanyoosha mgongo, akasema biashara inakwenda vizuri na anamshukuru Mungu. Nilizima kamera, nikaacha maiki peke yake baada ya kumwomba ruhusa, na baada ya dakika kumi hivi sauti yake ilirudi kuwa ya mtu. Kipindi kile tulikitoa kwa picha ya ziwa tupu na ndicho watu wanachonitajia mpaka leo. Kaka Mwanamwalo, mada zenu ni za fedha na madeni, na mkopeshaji naye ana simu. Muulizeni kila mgeni kabla hamjafungua stendi, na akikataa sura yake ionekane, msimbembeleze.

Mzee wa Ukerewe

Wanangu, nimesoma yote na naona mnazungumzia vyombo wakati kijana ameuliza habari ya muda. Nilivua dagaa miaka mingi, tangu enzi za karabai kabla ya hizi taa za sola, na naona shida yako unayo majibu yake juu ya kichwa chako kila usiku. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wanapanda nchi kavu, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakunywa chai bila haraka. Zile siku saba hadi kumi za mbalamwezi mvuvi ana maneno mengi na hana pa kwenda, nawe unamfuata kwenye siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wakati anaokota usingizi.

Kwa hiyo rekodi katika mbalamwezi, toa katika giza. Panga siku mbili, kila siku wageni wawili, utakuwa na vipindi vinne na kila Jumatatu unatoa kimoja. Lakini piga hesabu vizuri: mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hivyo mizunguko 12 kwa vipindi vinne inakupa vipindi 48, na mwaka una Jumatatu 52. Hizo nne zilizobaki ndizo zitakazokuumbua. Kuna mzunguko mmoja rekodi vitano, na Jumatatu tatu zinazobaki jibu maswali ya wasikilizaji kwa dakika 15 ukiwa chumbani kwako.

Tena usirekodi mambo yanayooza. Bei ya debe leo haitakuwa ya kweli wiki tatu zijazo. Hiyo iseme mwenyewe mwanzoni, siku ya kutoa. Mgeni umwulize namna bei inavyopangwa, nani anaipanga, na kwa nini yeye hawezi kuikataa.

Mwanamwalo

Shikamoo Mzee. Nimekaa na binamu yangu tukafungua kalenda, na ni aibu kusema kwamba vipindi viwili vilivyotukwamisha tulivipanga kurekodi katikati ya giza. Tumekubaliana hivi: hatutoi kitu mpaka tuwe na vipindi vinne mkononi, video itakuwa ya simu moja kwa mgeni atakayeridhia, na sauti itatoka pamoja nayo. Dada, nimekuelewa kuhusu ruhusa. Yule mama wa mashine nitamrudia kwanza kabla sijakata kipande chake, kwa sababu alikubali kusikika na hakuwahi kukubali kusambazwa.

Nina swali moja dogo. Tukirekodi nje mwaloni, upepo unavuma kwenye maiki kama mtu anapuliza moto. Tufanyeje?

Mhariri wa Nyegezi

Nendeni asubuhi. Upepo wa kutoka ziwani hushika mchana jua likishawaka sana, na kabla ya saa nne mara nyingi maji yametulia. Kaeni nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, upande usio na upepo, muivishe maiki kifuniko chake cha manyoya. Sponji pekee haitoshi mahali pa wazi. Msikilize kwa spika za masikioni kabla mgeni hajaanza, siyo baada ya saa nzima ya mazungumzo, kosa ambalo nimelifanya kwenye harusi ya watu na sitaki hata kulikumbuka. Na hiyo kompyuta inayojizima ilete Nyegezi Jumamosi. Huenda feni yake imejaa vumbi tu, tutaifungua pamoja.