Kalamu za rangi kwa vikombe vya porselini: markeri ya kawaida, Posca ao Porcelaine 150?

Mama_Katuba (Lubumbashi)
Jambo kwenu ba yaya na ba ndugu. Mudogo wangu ataolewa mwezi unaokuya, niko na vikombe 24 vyeupe vya porselini nilinunua ku soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, nataka niandike majina ya ba harusi na nichore maua kidogo pembeni. Nimeona kalamu za namna tatu: markeri ya kawaida ya kuandikia karto, Posca, na ile ya kampuni ya Ufaransa Pébéo inaitwa Porcelaine 150. Bei haifanane hata kidogo, hii ya mwisho paka muntu akuletee toka Ulaya. Watu watakunywia chai kila siku, haiko vya kuweka ku armwari. Gani inadumu? Tena furu yangu (oveni) ni ya gazi, ya okazio, ilishatumikaga na wengine, haina digrii, iko na namba 1 mpaka 10 basi.

Kasuku_Ibanda (Bukavu)
Mama, markeri ya kawaida uiache kabisa. Wino wake umechanganywa na alkoli na alkoli njo inautoa tena, mtu akipaka ile dawa ya kunawa mikono halafu akishika kikombe imekwisha. Mimi niliandikia vikombe sita vya wakwe zangu, nikavichoma kwa furu, nikaona vimeshika, nikajisifu. Wiki ya pili eponji ya mama mkwe ilikuwa imekula nusu ya jina la mzee, «Dieudonné» ikabaki «Dieu» peke yake. Mpaka leo wananicheka.

Fundi_Himbi (Goma)
Mimi natumia Posca na Porcelaine 150 zote mbili kwa hiyo ntasema nilichoona. Posca ni rangi ya maji, ya Wajapani, inashika kwa kila kitu, mbao, kioo, kitambaa, mimi nimechora hata kwa mawe ya volkano tunayookota hapa, na inafunika vizuri, nyeupe juu ya nyeusi inaonekana kabisa. Kwa chombo cha maua usitafute ingine. Yangu nilichoma kwa 160 dakika 45, nikapiga verni (vanishi) juu, iko hivyo mpaka sasa. Lakini kikombe cha kuoshwa kila asubuhi kilianza kubambuka karibu na mkono wake, pale vidole vinapita, na verni huwezi kuiweka pahali watu wanakunywia.
Porcelaine 150 jina lenyewe linakuambia, digrii 150, unachoma dakika 35. Ikiisha kuchomwa vizuri unaosha kama chombo kingine. Ila haipendi haraka. Mara ya kwanza nilichora jioni nikachoma usiku ule ule juu umeme haukatikagi saa ile, rangi ikafura vipovu kama uji, nikatupa sahani nne. Unaacha ikauke masaa 24. Unaingiza kikombe furu ikiwa BARIDI, unawasha, unaanza kuhesabu dakika ikifika 150 na sio mbele, halafu unazima na unakiacha humo humo mpaka kipoe, ukikitoa moto moto ukiweke kwa saruji ya baridi kinaweza kupasuka. Moto ukizidi, rangi za kung'aa zinageuka kahawia.

Mukwetu_Kamalondo (Lubumbashi)
Mama Katuba, hiyo furu ya namba ni zile za Kifaransa ao za Ubelgiji, kila namba ni karibu digrii 30. Kwa hiyo 5 njo 150 yako. Lakini ya okazio haiaminike, termosta, kile kinachoongoza moto, inachokaga, weka termometa ya furu ndani kama unaweza kuazima.

Nyota_ya_Kadutu (Bukavu)
Na sisi wa makala? Furu hatuna. Mimi napikiaga keki mu sufuria kubwa juu ya mbabula, mchanga chini, makala kidogo juu ya kifuniko.

Fundi_Himbi (Goma)
@Nyota inawezekana lakini utachoma kwa kubahatisha. Dada yangu ana kaujanja kamoja: sukari nyeupe inayeyuka karibu 186, basi anaweka kijiko kimoja kwa karatasi ya aluminiamu pembeni ya kikombe, sukari ikianza kuyeyuka anajua amepita mbali, anapunguza makala. Haikuambii kama umefika 150, inakuambia tu umezidisha. Na kikombe usikiache kigusane na mchanga, chini kunakuwa moto sana kuliko hewa ya juu, kiweke juu ya kopo. Mimi kwa vikombe 24 vya harusi singefanya hivyo.

Prof_Golf (Lubumbashi)
Mnabishana kalamu, mnasahau kikombe. Porselini ya kiwandani inachomwa karibu digrii 1300, na ile bluu ya zamani ya China imewekwa CHINI ya ule ung'ao, ile ngozi kama kioo inayofunika kikombe, njo maana miaka mia sita sabuni haijaifanya kitu. Kalamu zenu zote zinakaa JUU ya ung'ao. Kwa hiyo hata hiyo 150 musugue na waya ya chuma muone. Kilicho na maana zaidi ni kusafisha: alkoli na pamba mbele ya kuchora, mafuta ya vidole yakibaki rangi haishike hata ukichoma siku tatu. Na usichore karibu na mdomo wa kikombe, acha sentimita mbili tatu, wala ndani.
(Na ile bluu ya China unajua ni nini? Kobalti. Sisi tunakalia kobalti kuliko inchi yote ya dunia, na kalamu ya bluu tunangojea muntu atuletee toka Ufaransa.)

Kasuku_Ibanda (Bukavu)
Prof umeanza tena na madini 😂

Mama_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti mingi. Shemeji ameniletea Porcelaine 150 mbili, bluu na nyeusi, ncha nyembamba. Nikafanya kikombe kimoja kwanza: alkoli, nikachora, nikaacha toka juzi asubuhi mpaka jana, nikaweka namba 5. Jirani ana termometa, ikaonyesha 170 saa furu inasema 5, kwa hiyo nimeshusha kidogo chini ya 5 mpaka ikakaa 150. Asubuhi nimekisugua na eponji ngumu na sabuni ya unga, haijatoka hata kidogo. Posca nitanunua ya kuandikia chupa za meza, hizo hazioshwe.
Sasa shida moja tu, jina la bwana harusi nimeliandika na «e» mbili kumbe ni moja. Inatokaje?

Fundi_Himbi (Goma)
Mbele ya kuchoma pamba na maji inatosha. Ukiisha kuchoma jaribu giletti (wembe), polepole, kama unakwangua rangi kwa kioo. Alama itabaki kidogo.

Mama_Katuba (Lubumbashi)
Basi nimebaki na 23. Hicho nimekunywia chai sasa hivi.