Naombeni ushauri: The Entertainer kwa tarumbeta mbili, horni, tromboni na tuba

Kapulizi: Wakuu habari zenu. Tuko watano, tarumbeta mbili za B flati, horni ya F, tromboni na tuba, kazi zetu ni kanisani na maharusi. Nimeihamisha The Entertainer ya Scott Joplin (1902) kutoka nota za piano, mkono wa kulia wote nimempa tarumbeta wa kwanza, wa kushoto nikamtupia tuba. Juzi tumejaribu, tuba anahema kama kapanda mlima, tarumbeta wa kwanza mdomo umekufa kabla hata ya trio (kile kipande cha kati kinachobadili doh), na bado inasikika kama gwaride. Nakosea wapi?

MzeeWaBesi: Umemuonea tuba bure. Mkono wa kushoto wa ragtime, yaani mtindo wa huo wimbo, una kazi mbili, besi kwenye pigo halafu kodi (noti kadhaa kwa pamoja) katikati ya mapigo, um-pa um-pa. Tuba apige um tu, tena noti moja, hizo oktava za piano (noti ileile juu na chini kwa pamoja) achana nazo. Pa wape horni na tromboni, ziwe fupi, na tarumbeta asiye na melodi ajazie.

DohNiF: Doh umeiacha C? Basi tarumbeta zinasoma D. Ishushe iwe B flati wasome C, trio iliyokuwa F itakuwa E flati. Na melodi izungushe jamani, kipande cha kwanza tarumbeta wa kwanza, cha pili wa pili, trio mpe tromboni ang'are. Marudio kata, piano haina midomo ya kuchoka 😂

Kapulizi: Nimewaelewa, ila hiyo ya gwaride?

MzeeWaBesi: Mnakimbiza?

Kapulizi: Kidogo... MC anataka watu wachangamke

MzeeWaBesi: Ndo hapo sasa. Joplin mwenyewe aliandikisha kwenye nota zake kwamba ragtime haipigwi haraka, na huyo alikuwa anapuliza koneti bendi ya Sedalia kule Missouri, pumzi alikuwa anaijua. Punguza mwendo, tuba akae kwenye pigo asiyumbe, halafu kwenye ile fupi-ndefu-fupi ya melodi uzito uende kwenye ndefu, hiyo inayoanza pigo likiwa limeshapita. Nyie nadhani mnapiga zote sawasawa, lazima iwe gwaride.

Kapulizi: Kweli zote sawa aisee. Naandika upya usiku huu, tuba nimeshamtumia ujumbe kwamba oktava zimefutwa, kajibu "Mungu akubariki" peke yake.