Makumbusho pale Boma, Arusha: nimemwahidi mtoto dinosaria, nimekwama

Mama Wawili, Pasua
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nataka kupanda Coaster na wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, tutoke Moshi twende Makumbusho ya Elimu Viumbe hapo Arusha. Mkubwa ugonjwa wake ni dinosaria, hata daftari la Hisabati amelijaza mikia. Nikaropoka kwamba atamwona. Sasa shemeji ananicheka, anasema hakuna dinosaria pale. Ni kweli? Na kama hayupo, wataona nini?

Chalii wa Kaloleni
Dada umejikaanga mwenyewe 😂 Hayupo. Yule mjusi wetu mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, anakaa Berlin, kimo mita 13 na ushee. Na hilo Boma walijenga Wajerumani haohao. Mjusi wakaondoka naye, kuta wakatuachia.

Fundi Cherehani
Dada, chalii hajadanganya, ila nenda.

Mimi niliingia pale kwa kukimbia mvua, mwaka juzi, nimetoka kupeleka sare kwa mteja karibu na Mnara wa Saa. Nilikuwa na binti yangu wa darasa la kwanza. Kwa wadudu tulipita mbio, ana kinyaa. Akaja kuganda kwenye habari za chimbuko la binadamu. Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai 1959, alimkagua mdomo kwanza: "Baba, huyu anatafuna hata mahindi makavu." Yale magego ni mapana kweli.

Lakini kilichotushika ni nyayo za Laetoli. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, watu wakapita juu yake kwa miguu miwili, yakakauka kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Miaka milioni 3.6. Zilifukuliwa 1978 huko Ngorongoro, mkoa wetu huuhuu, na zenyewe zimefukiwa tena zisiharibike.

Unyayo mdogo una sentimita 18 na nusu. Sasa mimi futi haitoki shingoni. Nikamvua binti kiatu palepale, soksi imelowa chapachapa, nikapima kisigino hadi kidole gumba: 18 kasoro kidogo. Akanyamaza, akaukunjakunja mguu. Halafu: "Huyu naye mama yake alimwambia asikanyage matope?" Nilijifanya nazungusha futi. Huenda hata hakuwa mtoto, watu wale walikuwa wafupi, lakini hilo sikumwambia.

Beba futi.

Mwalimu Mstaafu, Njiro
Mama, ukifika stendi chukua kifodi hadi Mnara wa Saa, kisha pandisha Barabara ya Boma kwa miguu, inaishia langoni. Usikubali kupelekwa Makumbusho ya Azimio kwenye Mnara wa Mwenge, ni pazuri lakini si huko unakokwenda. Beba kitambulisho, sisi wenyeji hatulipi sawa na wageni.

Mama Wawili, Pasua
Ahsanteni sana. Futi sina, nimempima mkubwa kwa kamba ya kiatu na rula: 21. Mdogo amelala, kanipiga teke. Fundi, wa 21 yupo?

Fundi Cherehani
Yupo karibu naye. Kuna mwenye nyayo za 21 na nusu. Mwambie dogo bado kidogo.